Sanduku la Bati na Kalamu ya Mhakiki: Karatasi za Familia za Wayahudi na Fasihi ya Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kenya imekuwa ada kuisoma riwaya ya mjini kana kwamba ni ushahidi wa maisha ya mjini. Mwanafunzi atakaye kujua jinsi watu walivyoishi Pumwani wakati wa Hali ya Hatari huelekezwa kwenye riwaya. Mwalimu akitaka kuthibitisha aliyoyasema darasani, naye hurejea kwenye riwaya hiyo hiyo. Mtindo huu umetuzalia tafiti nyingi, na baadhi yake ni nzuri. Hata hivyo, umetufanya tusahau kuuliza swali lililostahili kutangulia: je, wakazi wenyewe wa mitaa hiyo waliandika nini kwa mikono yao, na maandishi hayo yako wapi?

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa njia ya ulinganishi. Kipimo tulichokichagua ni mikusanyo ya karatasi za familia na za watu binafsi wa Kiyahudi: barua, shajara, pasipoti, vyeti, picha na stakabadhi. Uteuzi huu una sababu mbili. Kwanza, ni jamii chache zilizoifikiri kwa undani hivyo kazi ya kuhifadhi karatasi za mtu wa kawaida. Pili, sehemu ya maisha yaliyomo katika karatasi za namna hiyo iliishiwa hapa Kenya, na ukimya uliomo ndani ya simulizi zake unatuelekeza moja kwa moja kwenye mitaa ya Eastlands. Hoja yetu ni kwamba riwaya haiwezi kufanya kazi ya sanduku la karatasi, na kwamba mhakiki anayeilazimisha kufanya hivyo huidhulumu riwaya na huwadhulumu wakazi pia.

Misingi ya uhifadhi

Ni vyema tuanze na Geniza ya Cairo. Katika sinagogi la Ben Ezra, Fustat, palikuwa na chumba kilichotiwa karatasi zilizokwisha kutumika. Desturi ya Kiyahudi inakataza kuitupa ovyo karatasi iliyoandikwa jina la Mungu. Kwa kuwa hata barua ya biashara huweza kuanza kwa kumtaja Mungu, barua za wafanyabiashara, hati za ndoa na orodha za madeni zilitiwa humo pamoja na vitabu vya dini. Solomon Schechter alizihamishia nyingi Cambridge miaka ya 1896 na 1897, na baadaye S. D. Goitein akazitumia kujenga upya maisha ya watu ambao hakuna mwanahistoria wa zama zao aliyewataja.

Desturi hii si ngeni kwetu. Waislamu wa Pumwani, kama Waislamu wengine, hawaitupi jaani karatasi yenye aya. Huichoma kwa heshima au huizika. Hofu ya kulivunjia heshima neno ni ile ile, ila matokeo ni kinyume: kule karatasi ilibaki, huku imeondoka. Kutokana na mfano huu tunajifunza kwamba uhifadhi hautegemei ukuu wa mwandishi wala ubora wa maandishi. Hutegemea uamuzi wa mtu fulani, wakati fulani, kutoitupa karatasi.

Uamuzi huo uligeuzwa kuwa mpango rasmi katika karne ya ishirini. Taasisi ya YIVO, iliyoanzishwa Vilna mwaka 1925, haikungoja wataalamu. Iliwaomba watu wa kawaida, wake kwa waume, wawe wakusanyaji katika miji na vijiji vyao. Taasisi hiyo iliandaa pia mashindano ya tawasifu kwa vijana katika miaka ya 1932, 1934 na 1939. Vijana mia kadhaa, wengi wao maskini, waliandika maisha yao bila ya kungoja wawe wazee wala mashuhuri. Matokeo ya shindano la mwisho yalikuwa yatangazwe tarehe 1 Septemba 1939, siku ambayo Ujerumani iliivamia Poland.

Mfano wa tatu ni ule wa mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake katika mtaa uliozungushiwa ukuta wa Wayahudi wa Warsaw. Kundi lao la siri, Oyneg Shabes, lilikusanya tangu mwaka 1940 shajara na barua, lakini pia tiketi za tramu, matangazo ya ukutani, kadi za mgao wa chakula na karatasi za peremende. Walizifukia katika masanduku ya chuma na madebe ya maziwa. Fungu moja lilifukuliwa mwaka 1946, na la pili mwaka 1950. Mhakiki wa fasihi ana la kujifunza hapa. Wakusanyaji hao hawakutenganisha shairi na kadi ya chakula. Waliamini kwamba msomaji wa baadaye atazihitaji zote mbili, na kwamba moja haieleweki vizuri pasipo nyingine.

Serikali ndani ya sanduku la nyumbani

Mtu akifungua mkusanyo wa familia ya Kiyahudi iliyotoka Ujerumani, aghalabu atakutana na karatasi za aina mbili zilizolazwa pamoja. Kuna zile ambazo familia iliziandika yenyewe, na kuna zile ambazo serikali iliiandikia familia. Pasipoti ni za aina ya pili. Kuanzia Oktoba 1938 pasipoti za Wayahudi wa Ujerumani zilipigwa muhuri wa herufi J. Sheria ya mwaka huo huo iliwalazimisha wale ambao majina yao hayakuwa katika orodha ya serikali waongeze jina: wanaume Israel, wanawake Sara, kuanzia Januari 1939. Kwa hiyo pasipoti ni wasifu mfupi ulioandikwa na adui. Ina jina, lakini jina hilo limechafuliwa. Ina picha, lakini aliyepigwa hakuchagua namna ya kutazama.

Mkenya hawezi kuisoma karatasi hiyo bila ya kukumbuka kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kuchukua karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, majina ya waajiri na mshahara aliolipwa. Aliitia katika kikopo cha chuma na kukining'iniza shingoni. Kipande kilidumu hadi mwaka 1947. Nacho ni wasifu: kina mwanzo, kina mfuatano wa matukio, kina msimulizi. Msimulizi huyo ni mwajiri, na mhusika mkuu hana ruhusa ya kuongeza hata nukta.

Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Muhuri wa J ulikuwa hatua ya kuelekea mauaji ya halaiki. Kipande kilikuwa chombo cha kuwatawala vibarua. Tunacholinganisha ni hatima ya karatasi. Familia za Kiyahudi zilizosalimika ziliiweka pasipoti hiyo kando ya barua za mama na picha za arusi, na baada ya vita nyingi zikaitumia karatasi ya namna hiyo kudai fidia. Chombo cha mtesi kikawa shahidi wa mteswa. Katika Eastlands, je, kipande kiliingia sandukuni? Wako waliokihifadhi, na wako waliokitupa kwa furaha siku kilipofutwa, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini uhakiki wetu haujawahi kukisoma kipande kama matini, wala haujauliza kimelala kando ya karatasi gani.

Barua na kaida zake

Barua ndiyo kiini cha mikusanyo hii. Wakati wa vita, mkimbizi aliyetaka kuwasiliana na jamaa waliobaki nchini mwa adui aliweza kutumia fomu ya Msalaba Mwekundu, na fomu hiyo ilimruhusu maneno 25 tu. Mbele ya fomu hiyo mhakiki anajikuta katika uwanja wake mwenyewe. Maneno 25 ni bahari ya ushairi, kwa maana ya kwamba ni mpaka wa umbo unaomlazimisha mwandishi apime kila neno. Akisema mzima, hana nafasi ya kueleza hofu. Akitaja hofu, hana nafasi ya kuuliza hali. Maana hukaa katika kile kilichoachwa.

Barua ya Kiswahili iliyotoka Kaloleni au Makongeni kwenda mashambani nayo ina umbo lake. Huanza kwa salamu nyingi, hutaja uzima wa mwandishi na wasiwasi wake juu ya uzima wa msomewa, ndipo husema kwamba baada ya salamu dhumuni ni hili. Wasomaji wa haraka huziona kaida hizi kuwa ni maneno matupu. Kwa maoni yetu, wanakosea. Barua hizi aghalabu zilisomwa kwa sauti mbele ya ukoo, au ziliandikwa na mkono wa mtu mwingine kwa niaba ya asiyejua kuandika. Kaida ni pazia la staha mbele ya hadhira hiyo. Kwa sababu hiyo mhakiki hana budi kutafuta mahali kaida inapovunjika: salamu zilizomruka mtu mmoja kwa jina, dhumuni lililotangulia salamu, fedha zilizotajwa bila ya kuelezwa zimetoka wapi.

Kiswahili kimekwisha kutupa mfano wa faida ya kazi hii. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, zikichukua miaka ya 1931 hadi 1958, zilihifadhiwa na mpokeaji na hatimaye kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 2002. Zinatuonyesha mshairi akiwa kaka, mtumishi wa serikali na mtu mwenye shida za fedha. Nchini Kenya, Gakaara wa Wanjau alichapisha mwaka 1983 shajara na maandishi yake ya kizuizini, na kazi hiyo ikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Lakini wote wawili walikuwa waandishi tayari. Karatasi zao zilihifadhiwa na kuchapishwa kwa kuwa majina yao yalikwisha kujulikana. Hatujafika bado kwenye kanuni ya Geniza, ambayo haikuuliza jina.

Ukimya ndani ya hifadhi: suala la Owuor

Ingekuwa kosa kuisifu hifadhi ya Kiyahudi bila ya kuihakiki. Wayahudi waliokuja Kenya walihesabiwa na sheria za kikoloni kuwa wazungu, hata pale wazungu wenzao walipowadharau. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipowatolea Wazayoni sehemu ya uwanda wa Uasin Gishu, mradi ulioitwa wa Uganda, maandishi mengi yalizaliwa: barua, ripoti za wapelelezi, hotuba za mkutano mkuu ulioukataa mradi huo mwaka 1905. Wamaasai na Wanandi, ambao nchi hiyo iliwahusu zaidi ya wote, hawakuulizwa. Sinagogi la Nairobi, ambalo jengo lake la kwanza lilianza kujengwa mwaka 1912, lilisimama katika upande wa mji ambao Mwafrika aliingia kufanya kazi na kutoka jioni. Njia ya kutokea ilielekea mashariki, Pumwani na mitaa mingine ya Waafrika.

Riwaya ya Stefanie Zweig, Nirgendwo in Afrika (1995), inaudhihirisha ukimya huu kuliko ripoti yoyote. Zweig alizaliwa mwaka 1932, akaletwa Kenya mwaka 1938 na kurudi Ujerumani na wazazi wake mwaka 1947. Riwaya yake, inayotokana na maisha hayo, inafunguka kwa barua. Walter, wakili aliyepoteza kazi yake kwa sababu ya sheria za Wanazi, anamwandikia mkewe kutoka Rongai juu ya safari, fedha na vitu vya kubeba. Msomaji anamjua Walter kwa maneno yake mwenyewe kabla ya msimulizi kuingia. Hofu yake ina tarehe na mahali.

Owuor, mpishi Mjaluo, hana barua. Ni mhusika aliyechorwa kwa upendo mkubwa. Ndiye anayemuuguza Walter, ndiye anayemfundisha mtoto Regina lugha na namna ya kuitazama nchi. Walter anampa joho lake la uwakili, na Owuor analivaa kwa fahari. Joho hilo ni taswira yenye nguvu: vazi la sheria limemwangukia mtu ambaye sheria ya nchi haimpi haki. Lakini ni vazi, si hati. Familia inapohamia Nairobi, Owuor anaifuata, na kabla ya kurudi kwao Ujerumani yeye anaondoka. Hatujui alichoandikiwa na jamaa zake, wala kama alikuwa na kipande, wala nani alikitia sahihi. Kumbukumbu ya Regina imemhifadhi kwa jina moja tu.

Hatumlaumu Zweig. Mwandishi huandika kutokana na karatasi na kumbukumbu alizo nazo, na kwa kweli yeye amemkumbuka Owuor kuliko wengi waliowasahau wapishi wao. Tunachosema ni kwamba nusu ya pili ya riwaya hiyo haiko Ujerumani. Kama iko, iko katika masanduku ya bati ya akina Owuor wengi waliotumika majumbani mwa wazungu na ambao jamaa zao walikaa Eastlands: risiti ya kodi, barua ya sifa ya mwajiri, kitabu cha akiba cha posta, cheti cha ubatizo, picha ya studio mtoto akiwa amesimamishwa juu ya kiti.

Riwaya si sanduku

Hapa mpinzani wetu atasema: nusu hiyo tunayo tayari katika fasihi ya Eastlands. Atatutajia Coming to Birth (1986) ya Marjorie Oludhe Macgoye, ambamo Paulina, msichana wa miaka kumi na sita mwenye mimba, anashuka garimoshi Nairobi mwaka 1956 kumfuata mumewe Martin aliyepanga Pumwani, kisha anapotea njia katika mji uliojaa askari na ukaguzi wa karatasi. Kwa nini tutafute karatasi ilhali riwaya imekwisha kusema?

Jibu letu ni kwamba riwaya imesema kwa kanuni za riwaya. Macgoye ameyapanga maisha ya Paulina sambamba na maisha ya taifa, hivi kwamba kukua kwa mwanamke na kuzaliwa kwa nchi vinafafanuana. Huo ni ufundi, na ndiyo maana kichwa cha riwaya kina maana mbili. Lakini risiti ya kodi haijui kwamba taifa linazaliwa. Inajua tu kwamba mwezi umelipwa au haujalipwa. Mpangilio wa karatasi sandukuni ni mpangilio wa kuishi, na mara nyingi haukubaliani na kalenda ya siasa. Mhakiki akiwa na vyote viwili mbele yake, ndipo atakapoona Macgoye alichagua nini, aliacha nini, na kwa faida gani ya kisanaa. Asipokuwa na sanduku, atadhani uteuzi wa mwandishi ndio ukweli wote, na atamsifu au kumlaumu mwandishi kwa jambo ambalo hakulifanya.

Isitoshe, mitaa yenyewe ni matini inayohitaji karatasi ili isomeke. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea watu waliobomolewa kijiji chao cha Pangani, na jina lake bado linasikika kama neno la mtu aliyeambiwa aamue mwenyewe. Mbotela imepewa jina la Tom Mbotela, diwani aliyeuawa mwaka 1952, na jina hilo la ukoo ndilo la James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichojengwa juu ya masimulizi ya utumwa na ukombozi. Jericho na Jerusalem zinabeba majina ya miji ya Biblia katika mitaa ambayo haikujengewa Wayahudi. Nani aliyakubali majina haya, nani aliyacheka, nani aliyaandika juu ya bahasha kwa mara ya kwanza? Bahasha zenyewe ndizo zingetujibu.

Haja ya sasa

Hasara ya kukosa karatasi si ya kinadharia. Tarehe 24 Aprili 1954 Operesheni Anvil ilizingira Nairobi, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wa mitaa ya mashariki walichukuliwa kwenda kuchujwa na kuzuiliwa. Zaidi ya nusu karne baadaye, wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza, ilibainika mwaka 2011 kwamba mafaili mengi ya kikoloni yalikuwa yamehamishiwa Uingereza na kufichwa Hanslope Park. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Ushahidi wa wazee ulipata nguvu zaidi kutokana na karatasi za waliowafunga. Ni haki iliyopatikana, lakini ni haki iliyolazimika kuazima ushahidi wake kutoka kwenye kabati la mtesi.

Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yaliyoundwa kwa sheria mwaka 1965, yamefanya kazi kubwa. Hata hivyo, kwa asili yake hifadhi ya taifa ni hifadhi ya karatasi za serikali kwanza. Mikusanyo ya binafsi iliyomo, kama ule wa Joseph Murumbi, ni ya watu mashuhuri. Wakati huo huo nyumba za zamani za Baraza la Jiji zimeanza kubomolewa ili kupisha majengo ya ghorofa, kama Pangani ilivyobomolewa. Familia inapohama kwa haraka hubeba vitanda na sufuria. Sanduku la babu huachwa, au huuzwa kwa kilo pamoja na karatasi kuukuu, na muuza njugu akafungia bidhaa yake ndani ya historia ya mtu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hifadhi za karatasi za familia za Wayahudi zinatufunza mambo matatu: kwamba karatasi ya mtu wa kawaida inastahili kuhifadhiwa pasipo kuulizwa jina la mwandishi, kwamba kadi na shairi havina budi kusomwa pamoja, na kwamba kila hifadhi ina ukimya wake, ambao hujazwa kutoka upande wa pili wa mji. Tunapendekeza basi kwamba idara za fasihi ziwape wanafunzi wa uzamili waliolelewa Eastlands kazi ya kukusanya nakala za karatasi za nyumbani mwao na kuzihakiki kama matini, na ziandae shindano la tawasifu kwa vijana wa mitaa hiyo. Tunasisitiza nakala, si asili. Karatasi za Fustat zilikwenda Cambridge na hazikurudi. Karatasi za Bahati na zibaki Bahati, mikononi mwa wenyewe, na mwenye sanduku awe na haki ya kukataa, kwani si kila barua ya mama iliandikwa ili isomwe na mhakiki.

Vijana wa Poland walioandika mwaka 1939 hawakupata kuyasikia matokeo ya shindano lao. Waliyoyaandika ndiyo yanayosomwa leo. Waandishi wa Kaloleni na Shauri Moyo nao waliandika, kwa kalamu ya wino na salamu nyingi, wakiamini kwamba upande wa pili yuko mtu atakayeifungua barua.